Gari Lisilokohoa

Delfina husema mimi nimeoa mara mbili:
yeye, kanisani, mwezi wa Juni, mvua ikinyesha,
na barabara hii ya kupanda Serramazzoni
niliyoiposa nikiwa na miaka tisa,
nimekaa juu ya ukuta, magoti yana vidonda,
kitu chekundu kilipopita
na kofia ya padri ikaondoka kukifuata.

Miaka thelathini na mmoja nilichoma vigae
kiwandani Fiorano, zamu ya usiku.
Vigae vya bafu za watu. Vya kijivu, mara nyingi.
Sijawahi kumiliki hata tairi la gari la namna ile.
Nina kabureta moja, imepasuka ubavuni,
niliyoipata kwa nusu gurudumu la jibini.
Hukaa mezani, kati ya chumvi na siki,
na wageni huuliza inakamua nini.

Lakini masikio nilipewa bure.
Nikirudi alfajiri, vumbi la udongo kopeni,
niliketi ngazini bila kuvua viatu
madereva wa majaribio wakiukabili mlima.
"Silinda nane," nilimwambia Delfina kupitia dirishani.
"Hilo kumi na mbili, na plagi moja haichomi vizuri."
Naye aligeuza mto, akatafuta upande wa baridi.

Gari la zamani lilipaswa kukohoa kwanza.
Kho. Kho-kho. Petroli mbichi kooni,
mtu ndani akilibembeleza kwa ncha ya kiatu,
si sana, lisije likazama,
si kidogo, lisije likasusa,
mpaka kifua kikafunguka na bonde zima likajua.
Penzi ni kikohozi, halifichiki.
Sijui aliyesema hivyo aliendesha gari gani.

Jirani yangu Learco ndiye aliyekunja bati zake,
kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga,
kwa jicho, bila rula.
Aliapa kwamba hakuna mlango wa kushoto
uliowahi kulingana na wa kulia:
"Kama nyusi za mke wangu," alisema,
"na ole wake atakayezinyoosha."

Sasa yamekuja haya mapya.
Yamelala chini, bapa kama samaki taa,
kila tundu lina kazi, upepo huingia hapa
ukatokea kule umeshatiishwa.
Hakuna nyundo iliyoyagusa. Milango yote miwili ni sawa.
Nilijaribu kuyachukia, kwa heshima ya Learco.
Nilishindwa kabla ya chakula cha mchana.

Novemba iliyopita, ukungu mzito kama maziwa,
Ilenia, mjukuu wa Learco, dereva wa majaribio siku hizi,
alipita mbele ya ngazi zangu kwa nguvu ya betri.
Sikusikia kitu.
Niliona majani makavu yakigeuka, basi,
na taa mbili nyekundu zikimezwa.
Nikabaki na kikombe mkononi
kama mtu aliyepitwa na jirani bila salamu.
Nikafikiri: ndiyo hivyo, basi. Limekwisha.
Penzi lililopona kifua.

Kisha, penye kona ya makaburi, nyumba zinapoisha,
injini ikaamka. Haikukohoa.
Ilifunguka mara moja, kama shuka jipya likikung'utwa,
ikapanda, ikapanda, mlima ukaitika,
nami nikatega sikio, nikahesabu, nikapotea,
nikaanza upya kama mtoto na vidole vyake.

"Sita," ikasema sauti dirishani, juu yangu.
"Sita, Nerio. Na anachelewa kuitoa gia ya pili."

Zilikuwa sita.
Miaka thelathini na mmoja, na ule mto wake.
Nilitaka kusema jambo.
Nikakohoa.