Nyuma ya Februari

Wekulo amechana Februari kwenye kalenda ya duka la mbolea,
akaigeuza, na kwenye weupe wa mgongo wake
anatujengea Kisumu:
saa kumi na mbili, kuondoka Webuye;
saa tatu, makumbusho; saa nne na robo, swala;
saa tano, chui; saa sita, samaki wa kukaanga;
saa saba, mashua; saa tisa, soko la Kibuye,
tofali juu ya tofali, bila hata pengo la sisimizi.

Mimi nasuuza vikombe.
Nauliza, na Khisa atalala saa ngapi?
Kalamu inapanda, inakuna sikio.

Mume wangu ni mpimaji wa mashamba.
Amezoea vigingi: kigingi ukikipigilia, kinakaa.
Khisa hakai.
Na wale pacha, Mukhwana na Mulongo, waliotimiza minne juzi,
mmoja akibanwa na haja, mwenzake ndipo hukumbuka kiu.

Nimefuta mikono, nimevuta kiti.
Nimetoa kalamu nyekundu, ile ya madaftari ya darasa la tatu.
Chui, nafuta. Chui hatatuulizia.
Kibuye, nafuta: mikono yangu miwili, watoto watatu,
na sokoni hakuna wa kunikopesha mkono.
Swala wanaweza kubaki, kama watakuwa karibu na choo.

Kobe wa makumbusho simgusi.
Katika orodha nzima ndiye peke yake
anayetembea kwa mwendo wetu.

Nikafika kwenye mashua. Akalifunika neno kwa kiganja.
"Baba alitupeleka Kisumu mara moja," akasema,
"mwaka wa tisini na moja. Siku moja tuliona yote. Yote!
Bandari, treni, mnara wa saa, viboko.
Unajua nakumbuka nini?"
Sikujibu. Bomba lilidondosha tone, likadondosha jingine.
"Viatu. Vyeusi, vipya. Vilinibana toka stendi hadi stendi."

Tukanyamaza kidogo.
Halafu tukaanza upya, bila saa.
Kuamka: wakiamka.
Chumba chenye neti isiyo na tundu, na kivuli saa nane,
jua la Kisumu linapokaanga mabati na vichwa pamoja.
Leso mbili. Ndizi. Uji ndani ya chupa ya chai.
Nguo za kubadili, na za kuzibadili zile za kubadili.
Tuktuk ya kwenda popote na kurudi, maana kwa pacha
tuktuk yenyewe ndiyo mji.
Mvua ya jioni: itakuja, haihitaji kupangwa.

Katikati ya Jumamosi nikachora mraba, nikauacha wazi.
"Hapa ni wapi?"
"Hapo ni pa Mulongo," nikasema, "akikutana na korongo wale wenye vipara
juu ya miti ya barabarani, akataka kuwahesabu,
akakosea, akaanza tena na moja."
Akacheka kicheko cha puani,
cha mtu aliyeshindwa na hakuumia.

Mashua tuliiacha. Hatukuifuta, tuliiacha,
na alama ya kuuliza pembeni yake kama ndoano.

Saa tano usiku nikamkosa kitandani.
Yuko sebuleni, amechuchumaa,
viatu sita vidogo vimepangwa mbele yake,
anabonyeza ncha ya kila kimoja kwa dole gumba,
polepole, kama anayechagua parachichi.
Viwili vya Mukhwana akavitenga.
Kisha akaiendea Februari, na juu ya chui niliyemfuta
akaandika kwa herufi ndogo:
ndara.