Kulabu Tatu za Mbele

Miaka thelathini na mmoja nilishona sidiria
kiwandani, hapahapa Łódź, ghorofa ya pili,
meza ya kumi na nne.
Kazi yangu ilikuwa waya:
kuuingiza kwenye ala yake, kuufunga mdomo wa ala
kwa mishono saba, kutupa kikapuni, kushika nyingine.
Sikuwahi kuuliza waya ule ulikwenda kumfinya nani.
Kitanda usichokilalia, kweli, hujui kunguni wake.

Duka la kwanza, binti mwenye kucha za kijani
alinipima kwa macho.
"Mama unavaa saizi gani?"
Upande upi, mwanangu?
La kulia ni lilelile, linazeeka kwa adabu.
Kushoto ni ukuta uliopigwa lipu,
na mwashi alikuwa na haraka.
Akaniletea lesi. Lesi!
Juu ya ngozi iliyokula mionzi mara ishirini na tano
lesi ni msasa.

Duka la pili walikuwa nazo za wagonjwa,
rangi ya plasta, mikanda mipana kama ya farasi.
Lastiki ilipita palepale kwapani
walipozing'oa tezi kumi na moja,
na mkono ukavimba hadi jioni pete ikagoma kutoka.
Nikalala na pete.
Nikalala pia na maneno ya muuzaji:
"Utaizoea."

Wifi yangu Bogna hana subira na maneno ya namna hiyo.
Alikuja na mfuko wa ulezi na soksi ya hariri.
"Kwanza tujue uzito," akasema,
akaweka mizani ya jikoni mezani, kati ya sukari na siagi,
nami nikainama, nikalilaza lile lililobaki
kama mwenye duka apimaye nyama kwa uaminifu.
Gramu mia sita na arobaini.
"Mkate mdogo," akasema Bogna,
tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumapili nikaenda kanisani nimelingana.
Lakini soksi ni soksi.
Kwenye foleni ya komunyo nikasikia tik, tik,
punje moja, punje mbili, kwenye marumaru,
na nilipofika ngazi za nje
njiwa wote wa parokia walikuwa waumini wangu.

Usiku ule nilitoa sidiria ya zamani kwenye droo,
ya kiwanda chetu, niliyopewa Krismasi fulani
badala ya bonasi.
Nikaifumua. Mishono ikawa saba.
Mkono wangu, au wa Halszka wa meza ya kumi na tano,
sikuweza kujua; tulifundishwa tufanane.
Waya ukatoka taratibu, umepinda,
ukawekwa kwenye kopo la misumari.

Kisha fulana ya marehemu Zenon,
pamba iliyofuliwa hadi ikasahau ukali wake.
Nilikata usiku mzima. Nilikosea mara mbili
kwa sababu nilikuwa nakata kifua cha zamani,
mkono una kumbukumbu kuliko kichwa.
Mishono nikaigeuzia nje, iuguse upepo, isiniguse mimi.
Kulabu tatu, mbele,
maana mkono wa kushoto haufiki tena mgongoni.
Mfuko wa ndani wa kitambaa maradufu,
ulezi uleule, safari hii umefungwa
kwa mishono ambayo sikuihesabu.

Si nzuri. Bogna anasema inafanana na mfuko wa viazi.
Nikinyanyua mwavuli, upande mmoja unapanda
kwenda kumsalimia shingo.

Jana nilipanda tramu hadi soko la Bałuty,
nikabishana bei ya figili, nikabeba kabichi,
nikapika, nikaosha vyombo, nikakoroma mbele ya redio.
Saa nne usiku nikashtuka, nikajishika kifua:
sijaivua.
Nilikuwa nimesahau kwamba nimeivaa.