Kwenye Ramani Palikuwa na Bwawa

Nililaza kabro kule juu, begani mwa Menengai,
miezi saba nimepiga magoti,
nikigonga kila tofali kwa nyundo ya mpira
hadi litulie.
Gathogo, msimamizi, alipita na viatu vyake vikavu:
"Fundi, sitaki kuona hata ufa wa kupita sisimizi."
Sikumwachia ufa.

Awali palikuwa shamba la mahindi la kina Chelagat.
Mvua ikinyesha, udongo ule wa majivu ya volkano
ulikunywa bila kushukuru,
nasi huku bondeni tulisikia ngurumo tu.

Ramani niliiona, imepigwa misumari minne ofisini:
barabara, nyumba themanini,
na pembeni, upande wa kusini, duara la buluu,
bwawa la kupumzishia maji.
Mwezi wa sita duara likafutwa.
Likazaa ploti mbili, na hati zake.
Nililipwa Ijumaa.
Nikanyamaza Ijumaa hiyohiyo.

Aprili ikaja usiku.
Maji hayakubisha hodi.
Yaliteremka juu ya kazi yangu, iliyonyooka, laini,
yasipate pa kujikwaa,
yakazoa ndoo, kandambili, kuku wawili wa Kerubo,
mlango wa choo.
Mtaro wa kaunti, upana wa kiatu changu,
uliyameza mara moja ukayatapika.
Yaliyobaki yakashuka ziwani na mafuta ya magari.
Saa nane nilikuwa juu ya meza,
Nelima mgongoni, gunia la unga kifuani,
nikipiga hesabu: mteremko, mita, tofali.
Kila nikirudia, jibu ni lilelile.

Kulipokucha nikachora mstari wa penseli ukutani
pale tope lilipokomea.
Kerubo akauliza, akikamua leso yake,
"Lakini maji haya yote yametoka wapi?"
Nikamjibu, "Juu."
Akainamisha kichwa.
Alidhani namtaja Mungu.

Jumapili nikapanda na patasi ndani ya koti la kanisani.
Nikapiga magoti, goti likakumbuka mahali pake.
Tofali la kwanza lilikataa;
nilikuwa nimelilaza vizuri mno.
La pili likatoka na kipande cha ukucha wangu.
Nilipofika la tisa, bawabu akanisimamia, rungu kwapani.
"Wewe si ndiye uliyejenga hapa? Unatafuta nini?"

Nikapuliza vumbi shimoni.
Chini, udongo ulikuwa mkavu kama siku niliyoufunika.

"Ufa," nikasema.
"Ule wa sisimizi."