Lililopasuka

Marlys kateleza Jumanne kwenye ngazi za nyuma
akitoa takataka. Gunia halikumwagika; yeye ndiye.
Basi leo Jumapili mpishi ni mimi,
na yeye, mkono umefungwa plasta hadi karibu na bega,
amekalia kiti cha dirishani kama hakimu
aliyekwisha kuandika hukumu.

Nje, Eveleth imeganda. Moshi wa jirani umesimama wima,
hauna pa kwenda.
Mkahawa wa Rautio, alikopika miaka ishirini na sita,
umepigiwa mbao madirishani tangu vuli.
Siku ya kufunga wenzake waligawana viti, mashine ya kahawa,
kengele ya kaunta.
Yeye alikuja na hiki kikaango cha chuma,
kizito kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.

"Chuma kipate moto kwanza," anasema. "Mafuta yatangoja."

Nakishika. Mimi, niliyeendesha lori la mgodi
miaka thelathini na miwili, gurudumu refu kuliko mlango huu,
nikauhamisha mlima wa chuma tani kwa tani,
vumbi jekundu likinifuata mpaka kwenye mishono ya soksi:
sijawahi kukaanga juu yake hata yai.

Bekoni inajikunja, inalalamika, inatoa mafuta.
Naiopoa. Viazi vinaingia
(nilivichemsha jana usiku, kwa amri,
nusu vikubali, nusu vikatae).
Tssss! Jikoni kote.
Nachukua mwiko, nakoroga.

"Viache."

Nageuza kimoja tu.

"Arvid. Viache."

Napapasa ukingoni, kidogo, kama mtu anayetafuta miwani.

"Vimekukosea nini viazi vya watu?
Ukikigusa kiazi kabla hakijajishika
kinakuachia ngozi, kinakunyima utamu.
Weka huo mwiko chini."

Mwiko, leo, ni mwiko.
Nasimama, mikono nyuma, kama mtoto wa shule
aliyekutwa na chaki mfukoni.

Na katika kusimama huko, bila kazi, nakumbuka:
saa kumi na mbili asubuhi, nimetoka zamu ya usiku,
kiti cha tatu kutoka mlangoni,
sahani inateleza mbele yangu kabla sijavua kofia.
Siku moja, mbele ya wenzangu,
nilisema viazi vimeungua.
Vilikuwa vimeiva kahawia tu, pembeni.
Alichukua sahani, akarudi na nyingine, hakusema neno.
Nililala vizuri siku ile. Ndilo linaloniuma.

"Sasa."

Nageuza. Rangi ya mgodi baada ya mvua.
"Loo," nasema. Hajibu; lakini kidole cha plasta kinacheza.

Vitunguu, hoho nyekundu, hoho ya kijani,
bekoni inarudi nyumbani imevunjwavunjwa,
jibini inalegea, inatafuta mianya.
Vishimo viwili kwa mgongo wa kijiko.
Yai la kwanza linakaa kama lilivyoambiwa.
La pili, vidole vyangu vinene, kiini kinapasuka,
kinatiririka kati ya viazi.

"Sheria ya jikoni," anasema, akitazama theluji.
"Zima ni la mteja. Lililopasuka ni la mpishi."

"Kila siku?"

"Unadhani nilikuwa nakula nini?"

Sipati la kusema. Namimina kahawa, inamwagika kidogo,
nafuta kwa mkono wa shati.
Nampakulia lile zima, na ule upande wa viazi
uliojishika kuliko wote.
Namkatia vipande vidogo, maana uma ataushika kwa kushoto.

Anapasua kiini mwenyewe, polepole.
Anatafuna. Dirisha limejaa mvuke, mji umepotea.
Nangoja, mwiko mkononi, sijui niliushika saa ngapi.

"Chumvi," anasema.

Nanyanyuka.

"Kaa, Arvid. Ule. Kitapoa."