Nyumba ya Mate

Ng'ambo ya duka langu la uzi na vifungo
Wichit Rama bado imesimama:
uso wa saruji uliokunjwa kama upepeo,
mbavu kumi na moja za kwenda juu,
na jina la chuma lililopungua herufi mbili.
Moja iliangukia pikipiki ya muuza barafu.
Hakuna aliyedai.

Thawat aliyelichora alikuwa kijana bado.
Alikataa nguzo ndani, asije mtu
akalipa nauli ya macho akaonyeshwa nguzo.
Viti mia saba vya mtiki,
sakafu ikiteremka polepole
kama mtu anayeinama ili asikie vizuri.

Na mimi, Lamduan, nilikuwa mdomo wake.
Filamu zilitufikia bubu;
mimi na Prayong katika kijumba juu ya roshani,
kipaza sauti kimoja, birika moja la chai,
yeye wanaume wote, mimi wanawake wote,
na watoto, na mbuzi akihitajika.
Nimeolewa mara mia nne kwa koo hili.
Nimekufa kwa kifua kikuu, kwa risasi, kwa wivu,
nikafufuka saa tatu, onyesho la pili.
Usiku Prayong alipolewa nikawa jambazi pia,
na majambazi wakafa kwa sauti nyembamba,
ukumbi mzima ukicheka hadi machozi.

Kifo cha nyumba hakikuwa na tarehe.
Filamu zikaja na sauti zake tumboni.
Zikaja kanda. Ikaja barabara pana
iendayo kwenye duka kubwa lenye baridi na kumbi sita.
Viti vikauzwa; namba 14 iko kwa muuza tambi,
huwa naikalia.
Prayong akafa, safari hii bila onyesho la pili.

Sasa madirisha yamezibwa matofali,
yamebaki matundu ya upana wa kiganja.
Mwenye nyumba anafuga mbayuwayu.
Kila jioni vipaza sauti vinalia juu ya paa,
mlio wa ndege walionaswa kwenye mashine
ukiwaita walio hai waingie gizani.
Nao huingia, mamia, bila tiketi,
wakifuata sauti isiyo na mwili.
Kazi hiyo naijua.

Viota vyao ni mate. Mate matupu.
Hubanduliwa pale pale lilipokuwa pazia,
hupimwa kwa gramu, huliwa supu na wenye fedha.
Miaka kumi na tisa nilikaushia mate yangu humo,
nikilipwa kwa usiku, na mayai mawili.

Juzi umeme ulikatika jioni.
Mashine kimya. Ndege wakazunguka, wakazunguka.
Nikatoka barabarani, sindano ingali kwenye ukosi,
nikafumbua kinywa nikawalilia.
Muuza tambi akazima jiko lake, akanitazama.

Wachache waliingia.
Labda wangeingia hata hivyo.