Mzeituni Haumo Katika Hati

Wakili aliisoma hati kama mtu anayewahi treni:
kuta nne za mawe, paa lililobonyea upande mmoja,
zizi lisilo na mnyama, kisima, ua wa hatua arobaini.
Warithi saba walitia sahihi. Wa nane, aliyeko Kanada,
alituma karatasi yenye mihuri mingi kuliko maneno.
Anatol akatia yake polepole,
herufi moja moja, kama anayepanga matofali,
nami nikatia yangu chini yake,
mkono ukinuka klorini ya hoteli.

Miaka ishirini na mbili.
Tulitoka Moldova na mabegi mawili
na chupa ya matango ya siki
iliyopasuka kabla hatujavuka Hungaria.
Nimetandika vitanda vya watu hata hesabu imenipotea.
Yeye amewajengea wenye nazo
baraza za kutazamia bahari,
bafu za marumaru,
ngazi za kupandia vyumba asivyowahi kulala.
Mganga hajigangi, walisema wahenga,
na fundi hajijengei, nikimtania,
naye hucheka kwa pua tu
akachovya mkate kwenye supu.

Sasa ufunguo. Mrefu kama kiganja, umeota kutu,
huzungushwa kushoto huku mlango ukiinuliwa kwa goti.
Ndani giza, na popo, na kalenda
ya mwaka ambao binti yetu hajazaliwa.
Anatol hakusema neno. Alitoa pimamaji,
akaliegemeza ukutani, akatazama kiputo
kikikataa kukaa katikati.
"Umeinama vidole vitatu," akasema,
kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho
mkunga alipomkabidhi mtoto.

Mwezi wa kumi na moja,
bado tunalala chini ya turubai,
akaja kikongwe mwenye aproni nyeusi,
wavu begani, fito mkononi.
Hakubisha hodi. Abishe wapi? Mlango tulikuwa tumeung'oa.
Alipita katikati ya mifuko ya saruji,
akatandaza wavu chini ya mzeituni wetu
akaanza kuupiga.

Deolinda, ndilo jina lake. Alitueleza bila kugeuka:
ardhi ilikuwa ya warithi, sasa yenu, sawa,
ila mti huu baba alinipa mimi siku ya harusi,
"na mti haujauzwa, mwanangu. Uliza."

Tukauliza. Kwa mwenye mkahawa, kwa padri,
kwa wakili, ambaye alikohoa.
Kweli. Mti ni wake,
mizizi iliyopita chini ya jiko letu, yake,
na kila tunda litakaloanguka.

Usiku ule nilipandwa na hasira.
Nilihesabu yuro moja moja kichwani,
shuka kwa shuka, choo kwa choo.
Nilitaka kitu kimoja tu duniani
kisicho na mwenyewe mwingine.
Anatol alinisikiliza hadi pumzi ikaniishia,
kisha akauliza: "Na kivuli?"
"Kivuli gani?"
"Kivuli hakuna aliyekitaja."
Akageuka upande wa pili, akalala.

Asubuhi nilimkuta bibi ameketi juu ya mfuko wa saruji,
fito magotini, macho kwenye matawi ya juu
ambayo mikono yake haikuyafikia tena.
Sikusema kitu. Nilileta ngazi.
Kwetu nilipanda mijozi kabla sijajua kusoma;
miguu haikuwa imesahau.
"Si hivyo!" akanifokea toka chini.
"Unaupiga kama zulia la hoteli!"
Sijui nani alimwambia.

Kabla ya Krismasi tulikuta chupa ya mafuta, haina lebo,
imewekwa kwenye dirisha lisilo na kioo bado.
Ukuta wa kaskazini umeinama vidole viwili.
Kimoja Anatol ameshakinyoosha.