Hodi ya Tatu

Kazi yangu ghalani Tandahimba ni kuhukumu gunia kwa kiganja.
Nachoma bambo, nachota, napasua kwa mkasi:
nyeupe huku, zilizosinyaa huku, yenye doa namwonyesha mwenyewe
kabla hajaanza kuapa kwa jina la mama yake.

Basi sindano nene ilipoingia titi la kushoto
nikamwambia daktari, "Bambo hilo."
Akadhani naweweseka.

Kinyama kama uzi kikatiwa kichupani,
kikapanda basi la kwenda Dar es Salaam
bila nauli, bila mwenyewe.
Siku thelathini na moja. Mnada wa pili ukapita, wa tatu,
bei ikapanda, ikashuka, nami napapasa uvimbe wangu
kama mtu aliyeshika sarafu gizani
asijue ni ya nchi gani.

Karatasi ikarudi. CHANYA.

Mliokua miaka ile mnajua neno hilo lilivyokuwa likizika watu.
Kaka yangu Bakiri aliambiwa chanya mara moja tu,
kikombe chake kikahamia peke yake juu ya kabati.
Nikakaa kwenye benchi, Mtwara mjini,
nikaanza kugawa mali kichwani: cherehani kwa Somoe,
mikorosho ya bondeni kwa atakayeipulizia salfa kwa wakati.

Muuguzi Nachundu akaisoma, akatabasamu.
Nilitamani kumzaba kibao.
"Mama Esha, chanya hii siyo ile.
Seli za uvimbe wako zina milango, ndiyo vipokezi.
Homoni yako inapita na damu, inabisha, inakaribishwa,
na kila ikikaribishwa uvimbe unanenepa.
Ingekuwa hasi tungehangaika na njia nyingine.
Penye mlango pana namna."

Homoni yangu.
Unyagoni nilifundishwa mengi, mengine kwa fimbo,
lakini aliyebisha kifuani nikiwa na miaka kumi na mitatu
hadi sare ya shule ikagoma kufunga vifungo,
huyo hakuna aliyemtaja jina.
Ndiye aliyetandika kitanda tumboni kila mwezi,
wageni waje wasije. Wanne walikuja.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema.
Huyu yuko ndani zaidi ya nguo, na simchukii:
yeye kazi yake kubisha. Kosa ni la aliyefungua.

Titi walilikata. Hapo sina maneno.

Kisha kidonge, kimoja kwa siku, miaka mitano.
Hakimuui mgeni, alisema Nachundu.
Kinamtangulia tu, kinakaa kwenye kiti cha mlangoni,
kimekunja nne, hakiitikii.

Jirani yangu Binti Mchopa amenichungulia dirishani nikimeza.
"Yuko kwenye dozi," habari imefika bombani kabla ya ndoo zake.
Nimemwacha. Nianze kueleza vipokezi pale bombani,
maji yatakatika sijafika kwenye mlango.

Usiku joto linanivamia bila sababu,
shingo inachuruzika, najiona korosho kwenye karai la kubangulia.
Magoti yamenuna. Likwata ananipepea kwa kifuniko cha ndoo,
nusu yake iko usingizini, mkono tu ndio uko macho.

Huu ni msimu wa pili. Imebaki mitatu.
Daktari hakuniahidi; alisema "mara nyingi."
Neno hilo nimelipasua, nimelitazama kiini:
si daraja la kwanza,
lakini si la kukataa ghalani.

Saa tatu nameza, nazima taa, nasikiliza.

Hodi.

Kiti kimekaliwa.

Hodi.

Kwetu mgeni mwenye adabu akibisha mara ya tatu
bila kuitikiwa, hugeuka akaenda zake.
Nimelalia ubavu wa kulia.
Nahesabu.